Ncha za Upinde wa Bodaki

Cedar Hollow, Oklahoma
9 Septemba 1951

Mpendwa Ned,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na mahindi yamekauka vizuri mwaka huu. Natumaini kikohozi kimepungua na kwamba hapo hospitalini wanakulisha kitu chenye ladha. Yule nesi bado anakulazimisha maziwa? Kunywa tu, usimsumbue, kazi yake ndiyo hiyo.

Nina jambo. Kile kipande cha bodaki, ule mti wa manjano wa pinde, ulichokipasua mwaka ule wa theluji nyingi ukakiweka darini bandani, nataka kukichonga upinde. Usicheke. Kuna mgeni anasali nasi siku hizi, kijana kutoka upande wa Arkansas, anatumia mkono wa kushoto, naye hana upinde wa mashindano ya kulenga rundo la mabua msimu huu. Amos yuko kiwandani kwenye mbao asubuhi hadi jioni, hana nafasi, ndiyo maana nimejitwika mwenyewe.

Basi nieleze kwa maneno ya mtu asiyejua kitu. Nawezaje kupata upinde mfupi, mwepesi kuvuta, lakini unaotupa mshale mbali? Mshale upite upande wa kulia. Na mshikio uwe mpana, wa kufungwa kiganjani kwa ukanda wa ngozi, maana mkono wake mmoja ni dhaifu.

Amos anakusalimu.

Mkeo,
Lizzie Hummingbird

*

Cedar Hollow
11 Septemba 1951

Dada Nan,

Huko Tulsa najua umesikia nusu ya habari, kwa hiyo acha nikupe yote. Amos hayuko kiwandani. Katikati ya Agosti msumeno ulichukua vidole vitatu vya mkono wake wa kulia, vilevile anavyovutia ugwe wa upinde. Jeraha limefunga vizuri, hata daktari amesifu. Lakini mwanangu anashinda barazani kwenye kiti cha kubembea cha baba yake, ukimwuliza kitu anatikisa kichwa. Hajanena neno na mimi tangu siku ya kufunguliwa bandeji. Kijana wa miaka ishirini na mbili, Nan, ambaye mdomo wake ulikuwa haufungwi hata kanisani!

Pinde zake mbili alinisukumia jikoni nizitie motoni. Nimezificha kwa mchungaji. Bunduki ya Ned nayo nimeipeleka hukohuko, na sababu unaijua, usinilazimishe kuiandika.

Ned sijamwambia. Daktari wa kifua alinionya tangu Juni kwamba habari ya kushtua inaweza kumletea tena damu mdomoni, na safari hii huenda wasiweze kuizuia. Kwa hiyo namdanganya mume wangu kwa mwandiko mzuri. Nimemtungia mgeni wa Arkansas.

Watu wamekuja kumwombea Amos, wamekuja kumpa moyo, anawatazama tu mpaka wanaaga wenyewe. Nimewaza kwamba upinde wa mkono wa kushoto ukiwa tayari, umeegemea pale mlangoni, labda atashindwa kuuacha. Sina dawa nyingine. Mimi, ambaye bandani nilikuwa naingia kumwita mtu akale tu! Naogopa, Nan. Naogopa kila nikiamka kabla sijasikia kiti chake kikilia.

Mdogo wako,
Lizzie

*

Hospitali ya Kifua
17 Septemba 1951

Lizzie wangu,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akadhani nimepagawa. Mke wangu fundi wa pinde! Haya, fundi, sikiliza.

Upinde mfupi na mwepesi, ukitaka utupe mbali, lazima ncha zake zikunjwe kuelekea mbele, kinyume na unavyovutwa. Ukishafunga ugwe, ncha zinalala juu ya ugwe. Ukivuta zinafunguka, ukiachia zinaupiga mshale teke la mwisho. Teke hilo ndilo litakalomsaidia mtu mwenye mkono dhaifu.

Anza na tumbo la upinde, yaani ule upande utakaomtazama mvutaji. Lipunguze polepole kwa tupa, mikono yote miwili ya upinde ilingane. Kisha zile sehemu za mwisho, urefu wa shubiri moja kila upande, zichonge ziwe nyembamba kama kidole chako cha shahada. Mti mnene haukunjiki, unakasirika na kukunja ndita. Kalibu ya kukunjia inaning'inia nyuma ya mlango, ile ya mti wa hikori yenye umbo la shingo ya bata. Ukifika hapo niandikie kabla hujawasha moto.

Msalimu Amos, na usimsumbue kwa maswali.

Wako,
Ned

*

Cedar Hollow
30 Septemba 1951

Mpendwa Ned,

Viganja vyangu vimeota malengelenge, na unga wa manjano umenijaa mpaka kwenye nyusi. Mke wa mchungaji kaniuliza kama ninaumwa nyongo. Lakini tumbo nimelipunguza, na ncha ni nyembamba kama ulivyosema.

Shida ni mgongo. Una mawimbi, unapanda na kushuka. Nikiulaza juu ya kalibu naona mwanga chini yake, haugusi vizuri. Nifanyeje?

Amos anakusalimu tena. Kazi nyingi kiwandani.

Mkeo,
Lizzie

*

Hospitali ya Kifua
6 Oktoba 1951

Lizzie,

Hilo si tatizo. Ulaze upinde mgongo juu, chukua kile kisu cha mikono miwili, ukwangue mawimbi yote mpaka mgongo unyooke kama meza. Usiogope, vuta kwa nguvu. Kisha usijisumbue na kuchemsha maji. Ishike ncha juu ya ndimi za moto, kavu hivyohivyo, bila mafuta, ikianza kutoa moshi ikunje kwa mkupuo mmoja. Wala usiifunge utepe wa chuma tumboni, wanaofunga ni waoga.

Kazi hii ifanyie barazani, mchana, penye mwanga wa kutosha. Na kwa kuwa mwandiko wangu siku hizi unatetemeka, isome barua hii kwa sauti kabla hujaanza, neno kwa neno, usije ukakosea.

Ned

*

Cedar Hollow
20 Oktoba 1951

Dada Nan,

Sijui nianze na furaha au kilio, vyote vimenijia kwa pamoja na sijalala vizuri tangu wiki iliyopita.

Barua ya Ned ilifika ikiagiza nifanyie kazi barazani na niisome kwa sauti. Nikafanya hivyo. Amos alikuwa kwenye kiti chake, macho barabarani. Nilipofika pale pa kukwangua mgongo, kiti kikaacha kutikisika. Nikaulaza upinde juu ya meza ya kuoshea, nikavuta kisu. Ubanzi mrefu wa manjano ukadondoka miguuni mwangu.

"Mama!"

Sauti ilikuwa imekauka, nikadhani kuna mtu mwingine amekuja.

"Mama, weka chini hicho kisu! Unaua mti!"

"Baba yako ndiye kasema."

"Baba hawezi kusema hivyo! Mgongo haukwanguliwi, Mama. Hizi ni pete za mti, unaziona? Inatakiwa pete moja itembee toka ncha hii mpaka ile bila kukatwa. Ukiikata, mtu akivuta, upinde unampasukia usoni. Mtoto wa miaka saba anajua! Lete hapa hiyo barua."

Akanipokonya kwa mkono wa kushoto. Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Kavu? Juu ya ndimi za moto? Bila utepe?" Akanitazama, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Mama, Baba kaharibikiwa akili."

Nikaketi palepale kwenye ngazi, Nan. Nilikumbuka makelele ya Ned niliyokuwa nasikia kutoka bandani mtu akigusa mgongo wa upinde kwa chuma. Ned huyo huyo. Homa imemfika kichwani, nilijiambia, na unakumbuka baba yetu alivyoishia. Nililia kwa sauti, na Amos akasimama juu yangu bila kujua afanye nini na mikono yake.

Hatimaye akasema, "Basi, nyamaza. Umekata pete moja tu. Tutaondoa pete hiyo nzima, tushuke mpaka ya chini yake. Upinde utakuwa mwepesi zaidi, lakini utaishi. Njoo ushike."

Nikashika. Yeye alikwangua kwa mkono wa kushoto, mimi nikawa mkono wake wa kulia. Nan, nimetukanwa! "Si hapo, hapa! Mama, hivi mikono yako imezoea kukanda unga tu? Polepole, usiparue, unafuata rangi inapobadilika!" Siku tatu za kufuata pete moja, kwenye kila wimbi na kila fundo. Kumbe mawimbi yale ndiyo mti wenyewe, kalibu ndiyo inayotakiwa kuwekewa kipande cha ngozi ili ikubaliane nayo.

Kisha tukachemsha ncha katika ile sufuria ya kufulia, nimeifunika kwa gunia, mpaka mti ukalainika. Amos akafunga utepe wa chuma cha pipa tumboni ili ubanzi usiinuke. "Nikisema vuta, vuta, maana hauchelewi kupoa. Sasa! Vuta!" Tukauegemea wote wawili, kifua changu juu ya bega lake, na mti ule mgumu ukainama juu ya kalibu kama mtu aliyeshawishiwa. Ncha ya pili ilitoka imeegemea upande. Akaipaka mafuta ya nguruwe, akaipasha polepole juu ya makaa, akairudisha mstarini kwa goti.

Leo amekula sahani mbili za mkate wa maharage. Nami nilitoka nje nyuma ya banda nikamlilia Ned. Ni kama nimerudishiwa mmoja na kunyang'anywa mwingine. Sijathubutu kumwandikia. Nimwandikie nini mtu ambaye hajui tena kazi yake mwenyewe?

Lizzie

*

Cedar Hollow
24 Oktoba 1951

Baba,

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto. Mama hajui kwamba nakuandikia.

Sijui kama utaielewa barua hii. Kama akili inakuja na kuondoka, isome siku ikija. Mama anasema kwenye kitanda cha pili yupo mzee wa kwetu anayejua herufi za lugha yetu, yeye naye anaweza kukusomea.

Sina vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ni msumeno, Agosti. Hakuna wa kulaumiwa, nilikuwa nageuka kumjibu mtu. Mama aliogopa kukuambia kwa ajili ya kifua chako, na hakuna mgeni wa Arkansas, mgeni ni mimi. Namwomba Mungu habari hii isikudhuru, lakini nimeona ni vibaya zaidi uondoke duniani ukidhani nipo kiwandani.

Baba, umemwambia Mama nini? Akwangue mgongo? Wewe uliyeninunia wiki nzima nilipokata pete kwenye upinde wangu wa kwanza? Nilikuwa nimekaa pale nikiwa nimemaliza mambo yote. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Sikuwa na hamu ya kusema na mtu. Halafu nikasikia maneno yale kwa sauti ya Mama, na kisu kikavutwa, na nilipojitambua nimeshasimama.

Upinde upo. Mwepesi, mfupi, ncha zote zimekunjwa. Ila ugwe kwenye ncha ya chini unakimbilia upande wa kushoto. Nimeupasha moto mara mbili, unarudi palepale. Nilitaka kukuuliza, kisha nikakumbuka kwamba huenda huwezi kujibu, na hapo ndipo nililia, Baba, siyo kwa sababu ya vidole.

Usinisahau kabla sijakuonyesha.

Amos

*

Hospitali ya Kifua
31 Oktoba 1951

Mwanangu Amos,

Ncha ya chini usiipashe moto tena, utaichosha. Chukua tupa ndogo, usogeze mfereji wa ugwe upande wa kulia, kidogokidogo, ukifunga ugwe kila mara kutazama, mpaka ukae katikati. Ni kazi ya muda mfupi.

Sasa umeshajua kwamba akili yangu ni nzima.

Nilijua tangu barua ya kwanza ya mama yako. Sikujua ni vidole vingapi, lakini nilijua mkono upi. Mtu mwenye vidole vyake haombi mshikio wa kufungwa kiganjani. Mgeni wa Arkansas! Kanisani kwetu nawajua hata mbwa wanaolala chini ya mabenchi. Na wewe, mwanangu, ungemwacha mama yako ashike tupa yangu, bandani kwangu, na wewe unapumua? Halafu anasema unanisalimu. Katika barua zote tangu niletwe hapa hujawahi kunisalimu hata siku moja, ni kunitania tu.

Kwa hiyo nilijua umeumia, na kwamba umekaa, na mtu wa nyumba yetu akikaa ni barazani. Kitu nilichokihofia ni huko kukaa. Nililala hapa nikitazama dari, miguu yangu haiwezi kunifikisha hata mlangoni, na mwanangu yuko maili mia na zaidi anazama kidogokidogo kwenye kiti changu. Ningekuandikia nini? Pole? Pole ulikuwa umeshapewa na kijiji kizima. Ushauri? Ungeukunja ukautia mfukoni. Nikajiuliza ni kitu gani ambacho Amos hawezi kukivumilia hata akiwa amechoka na dunia. Nikapata jibu.

Usidhani nilifanya hivyo kwa wepesi. Kipande kile ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupasua, na sitapasua kingine. Kama usingeinuka, mama yako mtiifu angekiharibu mpaka mwisho, halafu angekiunguza, nami ningekuwa nimewapoteza nyote, wewe na mti. Niliona afadhali nijaribu. Tangu barua ile iende posta chakula kilikuwa hakipiti. Nesi alidhani homa imerudi. Kila siku nikiulizia barua, hakuna, na kimya cha mama yako nilikielewa vibaya. Nikadhani upinde umeungua na wewe hukutazama hata moshi.

Barua yako ilipofika niliutambua mkono wa kushoto kwenye bahasha kabla sijaifungua. Nilimpa mzee Bearpaw wa kitanda cha pili anisomee mstari wa kwanza kwa sababu macho yalikuwa hayafai. Vidole nimevililia, usifikiri sikulia. Lakini damu haikuja.

Jambo moja zaidi, maana tumeshachoka kufichana. Tarehe kumi na tisa Novemba wananipasua ubavu na kutoa mbavu kadhaa, ili pafu lile bovu lilale lipumzike. Wengine wanaamka vizuri, wengine hawaamki. Mama yako sijamwambia. Mwonyeshe barua hii yote, kisha usimame mbali na sufuria zake. Mwache apige kelele kwanza.

Baba yako,
Ned Hummingbird

*

Cedar Hollow
12 Novemba 1951

Ned,

Mjinga wewe. Mjinga mkubwa wewe na barua zako.

Nilikulilia kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Niliketi kwenye ngazi nikikuona umelala hapo hujijui, umesahau jina langu, na kumbe mwenyewe umejikunyata kitandani unapanga mitego! Mimi nakudanganya nikulinde kifua, wewe unanidanganya hujui kwamba nakudanganya, na sote wawili hatulali. Ungeshindwa nini kunidokeza neno moja? Najua utasema kwamba ningejua, nisingevuta kisu kwa moyo wote, na Amos angeniona usoni. Najua. Usinijibu hilo, bado nina hasira.

Ya tarehe kumi na tisa tumeyasoma, mimi na Amos, mezani, kila neno. Tunakuja. Mchungaji atatupeleka mpaka kwenye basi, na tutakuwa hapo kabla hawajakulaza. Wakisema siyo saa ya kuona wagonjwa, watanieleza mimi ana kwa ana. Ukiwa unaogopa, Ned, niambie kwamba unaogopa. Usinichangamshe. Mimi nimeshaogopa tangu Agosti, nimezoea, nitakusaidia kubeba.

Jumamosi palikuwa na kulenga mabua kule kwa watu wa bonde la pili. Sikumwambia Amos aende. Aliamka, akajifunga ukanda wa ngozi kiganjani kwa meno, akatoka na upinde. Nilimfuata kwa mbali kama mtu anayekwenda zake.

Watu walinyamaza alipojipanga mstarini, ukimya ule mbaya wa watu wema. Mshale wa kwanza ulilala chini hata nusu ya njia haukufika. Wa pili ukapita juu ya rundo la mabua ukapotea porini, na ulikwenda, Ned! Ncha zile zilipiga teke, mpaka yule mzee Soap aliyekuwa akihesabu akageuka kuutazama upinde badala ya mshale. "Huo nani kakunja?" akauliza. "Mama yangu," Amos akasema, "ndiyo maana hauendi panapotakiwa." Wakacheka, na ukimya ukavunjika. Mshale wa tano ukaingia. Ulitoboa mabua mawili. Mawili tu, na washindi walikuwa wanahesabu zaidi ya kumi.

Basi amerudi nyumbani amekasirika. Amekasirika sana! Hakuvua hata kofia. Amelalamika kwamba upepo ulikuwa wa pembeni, mishale ni mizito kwa upinde mwepesi, ugwe umelegea, mzee Soap anasimama karibu mno na mtu anayelenga, na kwamba wale wa bonde la pili wanapanga mabua yao yakiwa mabichi kwa makusudi ili wageni wakose. Alikuwa anazunguka jikoni akiupigapiga mkono ule mezani ili nimsikilize. Supu ya njugu ikapoa, mkate ukakauka. Nami niliketi nikamsikiliza mpaka akamaliza, na sikumnyamazisha.

Mkeo,
Lizzie